Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoga Kitovu

Jitazame kwanza kwenye kioo ukiwa umeketi, kwa sababu kitovu kinachojikunja na kufumbika mtu anapoketi huibana pini hadi kidonda kikakawia kupona, na mtogaji mwenye ujuzi atakushauri uache. Tundu la kitovu huchukua miezi 6 hadi 12 kupona kabisa, ilhali ndewe ya sikio hupona kwa wiki chache tu. Kwa hiyo mjamzito, au anayetarajia kushika mimba karibuni, ni heri asubiri. Hakikisha sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yako, usikubali kamwe bastola ya kutogea masikio, na uchague pini ya titani, kwani nikeli huwasha ngozi za wengi. Suruali ya kiuno cha juu na kanga ya kukaza viwekwe kando.