Somo: Kukusanya vitabu vya kale vya Kiyunani na Kilatini kwa mfuko mdogo

Ndugu wanachama, wengi mmeniuliza nilianzaje, na wachache mmeniuliza kama nina akili timamu. Kilatini nilikipata seminarini. Upadri ulinishinda, Kilatini kikabaki. Sasa naishi Uholanzi, na kila Jumapili ya kwanza ya Agosti utanikuta Deventer kwenye soko la vitabu vya mitumba, nimeinama juu ya masanduku tangu asubuhi. Ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa kununua vibaya.

Hatua ya 1: Shika uzi mmoja

Mgeni wa mambo haya hununua chochote chenye jalada la ngozi na mgongo wa dhahabu. Baada ya miaka mitatu ana rafu ya vitabu visivyojuana. Chagua mwandishi mmoja, au mpiga chapa mmoja, au habari moja, uifuate.

Uzi wangu mimi ni Azania, yaani pwani yetu kama Wayunani walivyoiandika. Kuna kitabu kidogo cha mfanyabiashara wa Kiyunani wa karne ya kwanza, kinachoitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Kinataja kisiwa cha Menouthias, ambako watu huvua kasa kwa vikapu (mvuvi yeyote wa Pemba ataona madema hapo), kisha Rhapta, soko la mwisho la Azania, lililopata jina lake kwa vyombo vya kushonwa. Ukiijua habari ya mtepe, huhitaji mkalimani. Kitabu hicho kilipigwa chapa mara ya kwanza Basel mwaka 1533, katika karakana ya mpiga chapa Froben, kwa kazi ya mhariri Sigismund Gelenius, kutoka hati ya mkono ambayo leo iko Heidelberg. Mwaka uleule, karakana ileile ilitoa Jiografia ya Ptolemy kwa Kiyunani kwa mara ya kwanza, na humo Rhapta imo tena. Vitabu viwili, mwaka mmoja, mji mmoja, na vyote viwili vinatutaja.

Sina hata kimoja. Nilichonacho ni juzuu ya kwanza ya wanajiografia wadogo wa Kiyunani iliyohaririwa na Karl Müller, Paris 1855, ambamo Periplus imo, na tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na Schoff, 1912. Katikati ya hizo na 1533 kuna toleo la Hudson, Oxford 1698, ambalo nalivizia kama paka. Uzi mzuri una vitu vya kila bei, hivyo huketi mikono mitupu ukisubiri urithi.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa jina kabla ya kusoma bei

Miji imeandikwa Kilatini, na hapo ndipo watu hulizwa. Venetiis ni Venice, Lutetiae ni Paris, Argentorati ni Strasbourg, Lipsiae ni Leipzig, Patavii ni Padova. Lakini Lugduni ni Lyon, na Lugduni Batavorum ni Leiden. Niliwahi kununua kitabu cha Terence, mtunzi wa michezo wa Kirumi, kwenye mtandao kwa sababu muuzaji aliandika “Leiden” na mimi nikaona mchapo wa Elzevir, ukoo wa wapiga chapa wa huko, unaninyemelea. Kilipofika, ukurasa ulisema Lugduni tu, bila Batavorum. Lyon! Picha ilikuwepo kwenye tangazo tangu mwanzo, nami sikuisoma. Pesa haikurudi.

Mwaka nao huandikwa kwa namba za Kirumi, na Waholanzi walipenda kuzivunja: CIƆ ni 1000, IƆ ni 500. Kwa hiyo CIƆ IƆC XXXV ni 1635. Katika vitabu vya karne ya 15 usitafute ukurasa wa jina kabisa, mara nyingi haupo. Fungua nyuma, kwenye kolofoni, yale maneno ya mwisho ambamo mpiga chapa anasema ni nani, yuko wapi na amemaliza lini.

Hatua ya 3: Mjue mpiga chapa na makosa yake

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, mnivumilie.

Aldus Manutius wa Venice ndiye aliyewatoa Wayunani kwenye hati za mkono: Aristotle katika juzuu tano kati ya 1495 na 1498, Sophocles, Thucydides na Herodotus mwaka 1502, Plato mwaka 1513. Mwaka 1501 alitoa kitabu kidogo cha Virgil, mshairi wa Kirumi, cha kushikwa kwa mkono mmoja, kwa herufi mpya za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Ndizo hizi italiki tunazotumia mpaka leo. Vitabu hivyo vilipendwa mno hata wapiga chapa wa Lyon wakaanza kuviiga, bila mwaka, bila mji, bila ile alama yake ya pomboo aliyejizungusha kwenye nanga. Machi 1503 Aldus akatoa tangazo kuwaonya wanunuzi, akaorodhesha makosa ya maandishi ili watu wazitambue bandia. Waigaji wa Lyon wakalichukua tangazo lile wakasahihishia makosa yao. Hizo bandia leo nazo zinakusanywa, na kwa mfuko wetu ni mlango mzuri zaidi kuliko Aldus mwenyewe.

Halafu wako Elzevir wa Leiden na Amsterdam, waliotoa vitabu vidogo vya kuingia mfukoni. Caesar wao wa 1635 ana hadithi. Toleo lile lilirudiwa na mwaka ukaachwa ulivyo, na la kwanza linatambulika kwa kosa: ukurasa wa 149 umepewa namba 153. Ukiona 149 iko sawasawa, umeshika ndugu yake mdogo. Horace (naye mshairi wa Kirumi) wa John Pine, London 1733 hadi 1737, aliyechongwa wote kwenye shaba, maandishi na picha, ana jambo kama hilo. Katika juzuu ya pili, ukurasa wa 108, kwenye picha ya sarafu ya Kaisari, mchapo wa mwanzo una POST EST badala ya POTEST. Kosa likasahihishwa, na bei ya lenye kosa ikapanda. Mke wangu alipolisikia hili alicheka sana.

Hata wasiotaka makosa hawakusalimika. Robert Foulis huko Glasgow, alipotoa Horace wake wa 1744, inasimuliwa alitundika karatasi za majaribio chuoni na kuahidi zawadi kwa atakayeona kosa. Kikaitwa kitabu kisicho na doa. Baadaye yakahesabiwa makosa sita.

Na angalizo moja: Virgil wa Baskerville, Birmingham 1757, alichapwa upya baadaye kwa kuwekewa mwaka uleule. Usilipe bei ya kwanza kwa cha pili.

Hatua ya 4: Hesabu karatasi, zote

Kitabu cha miaka mia nne chenye kurasa pungufu ni kama khanga ya upande mmoja. Kuna wakati utakinunua hata hivyo, ila ujue unanunua nini.

Karatasi kubwa ilichapwa, ikakunjwa. Ikikunjwa mara moja ni folio, mara mbili ni kwarto yenye karatasi nne, mara tatu ni oktavo yenye karatasi nane. Elzevir wadogo ni duodesimo, kumi na mbili. Inua karatasi kwenye mwanga uone mistari ya waya wa kichujio cha kutengenezea karatasi, ile iliyoachana kwa nafasi pana: kwa folio na oktavo inasimama wima, kwa kwarto inalala. Chini ya kurasa utaona herufi na namba, A, A2, A3, ambazo mfunga vitabu alizifuata ili mikunjo isichanganyike. Alfabeti yao ina herufi 23, kwani I na J ni moja, U na V ni moja, W haipo. Kwa hiyo oktavo inayokwenda A hadi Z lazima iwe na karatasi 184. Usitegemee namba za kurasa pekee, zimejaa makosa kama mlivyoona.

Kuna pia neno moja linaloning'inia chini ya ukurasa, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Waliowahi kushika vitabu vya zamani vya hati ya Kiarabu wanaifahamu desturi hiyo. Neno lisipolingana, simama, huenda kuna karatasi imetoka.

Orodha ya kulinganishia haina gharama. Maktaba ya Uingereza ina katalogi ya vitabu vyote vilivyojulikana vya kabla ya 1501, Renouard aliwaorodhesha Aldus, Willems akawaorodhesha Elzevir mwaka 1880. Maktaba ya Bavaria huko München na Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Ufaransa, zimepiga picha maelfu ya vitabu, nawe unaweza kulinganisha karatasi kwa karatasi ukiwa umekaa barazani.

Hatua ya 5: Tazama mihuri

Muhuri wa maktaba si dhambi, maktaba nyingi huuza nakala za ziada. Lakini tafuta na muhuri wa kutolewa. Mwaka 2012 iligundulika kwamba maktaba ya Girolamini huko Naples imeporwa vitabu kwa wingi, na mkurugenzi wake mwenyewe akatiwa hatiani. Muhuri uliokwanguliwa au kona iliyokatwa ni sababu ya kurudisha kitabu mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Mimi Kilatini sikukisoma. Naruhusiwa?

Marahaba. Unaruhusiwa. Maneno hamsini ya ukurasa wa jina yatakufikisha mbali: apud, yaani kwa fulani, sumptibus, kwa gharama za fulani, editio nova, toleo jipya, ambalo mara nyingi si jipya hata kidogo. Ila nakuonya, ukishika Virgil miaka miwili utaanza kutaka kujua anasema nini.

Mwanachama, Mombasa: Huku kwetu unyevu ni mwingi. Jalada la ngozi nyeupe limejikunja kama samaki mkavu, je nilianike juani?

La hasha, dada yangu! Ngozi ile haikulainishwa kama ya viatu, iliwambwa ikakaushwa, sawa na ya ngoma. Mpiga ngoma huikaza kwa moto, lakini kitabu kitapasuka. Kiweke katikati ya vitabu vya kimo chake, kibanwe kwa upole, mbali na ukuta wa nje. Chumba kiwe na hewa inayozunguka, na ukiweza kununua kipimo cha unyevu, lenga asilimia 45 hadi 55. Najua kwa Mombasa ni ndoto, basi angalau usifungie kabatini. Ukungu ukitokea, kipeleke sehemu kavu kwanza, ukishakauka upanguse kwa brashi laini, nje ya nyumba. Ukiona unga mpya chini ya vitundu vya wadudu, funga kitabu kwenye plastiki bila kubakiza hewa, ukiweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukiache kirudi joto la kawaida kabla ya kukifungua.

Mwanachama, Bujumbura: Kwa nini kitabu changu cha Leipzig cha miaka ya 1890 kinavunjika kama biskuti, na cha rafiki yangu cha 1580 ni cheupe na imara?

Cha rafiki yako kimetengenezwa kwa matambara ya kitani. Chako ni cha mbao zilizosagwa kuwa rojo, karatasi ambayo ina asidi na hujila yenyewe. Kutoka katikati ya karne ya 19 karatasi iliharibika sana. Kiwekee karatasi isiyo na asidi, ukisome mezani, usikifungue kikalala bapa.

Mwanachama, Muscat: Nimeona vile vitabu vidogo vya Loeb, vya kijani na vyekundu. Vina thamani ya mkusanyaji?

Vya kijani ni Kiyunani, vyekundu ni Kilatini, maandishi ya asili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Vilianza 1912 kwa fedha za James Loeb. Kwa kawaida ni vya kusomea, si vya kuwekeza. Ila nakala za miaka ya mwanzo zenye jalada lake la karatasi ni adimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wanafunzi walizitupa zile karatasi. Nina nne, zote nilizikuta sanduku la euro tano.

Mwanachama, Dar es Salaam: Jalada la kitabu changu limeachana. Fundi mmoja yuko tayari kukifunga upya kwa ngozi nzuri mpya.

Mwambie asubiri. Jalada la zamani, hata likining'inia, ni sehemu ya kitabu. Lifunge kwa utepe wa pamba, sio gundi wala selotepu. Na kabla hujampa mtu yeyote, tazama ndani ya jalada, pale ngozi ilipoachia: wafungaji wa zamani walijazia karatasi chakavu na vipande vya hati za mkono. Mimi kwenye Cicero wangu mbovu wa Basel nilikuta kipande cha wimbo wa kanisa chenye noti nyekundu, upana wa vidole viwili. Tuma picha hapa, tuangalie pamoja kilicho chini ya chako.