SOMO: Kuchagua vitu vya kuchezea mtoto anapooga (tafadhali soma kabla ya kuuliza)

Habari zenu wazazi wenzangu. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mama Nasra, ninunue bata gani wa kuogea?" Nimejibu mmoja mmoja tangu mwaka jana, sasa naandika mara moja hapa. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka mitano, mwingine mwaka na nusu. Tunaogea beseni hapa Dar, kwa hiyo naongea na wenye beseni kwanza.

Hatua ya 1: Umri. Chini ya miezi sita usinunue kitu. Sauti yako na kitambaa chenye maji vinamtosha.

Hatua ya 2: Ukubwa. Karatasi ya chooni ikiisha hubaki kile kibomba cha boksi. Kitunze. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kifuniko cha chupa ya maji kinapita. Macho na magurudumu ya kubandika yanapita pia, kwa hiyo vuta kila kilichobandikwa ukiwa bado dukani.

Hatua ya 3: Ncha. Mtoto huteleza akakalia kitu. Juni 2023 Marekani waliondoa sokoni papa wa plastiki wa kuchezea wakati wa kuoga wapatao milioni 7.5 kwa sababu ya pezi gumu la mgongoni, watoto walikuwa wanawaangukia na kujeruhiwa. Kinachosimama wima na ni kigumu, kirudishe.

Hatua ya 4: Betri. Vya kuwaka taa ambavyo kifuniko cha betri hakina skrubu, hapana. Ile betri ndogo bapa ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili.

Hatua ya 5: Tundu. Hapa ndipo nilipokosea, naomba mnisome taratibu.

Nasra alikuwa na bata wa njano wa kuminya, mwenye tundu chini. Nilimwosha kwa sabuni kila siku, nikaridhika kwa sababu nje aling'aa. Siku moja, Nasra akiwa na miezi 14, nikamwona ameweka tundu mdomoni anafyonza. Nikamnyang'anya, nikaminya juu ya kiganja changu. Yakatoka maji yenye vipande vyeusi kama majani ya chai yaliyolala. Nikampasua yule bata kwa kisu. Ndani kote kulikuwa kweusi na utelezi wenye harufu ya kisima kilichofungwa. Miezi minane mtoto wangu alikuwa anakunywa yale maji na mimi nimesimama pembeni. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Kwa hiyo: kitu chenye tundu la kuminyia usinunue. Ukizawadiwa, pokea kwa shukrani, mpe achezee sebuleni pakavu. Usidanganyike na haya matatu. Kwanza, kuloweka kwenye siki: yanayoingia kwa tundu lile ni kidogo na ule utando hausuguliki. Pili, kuziba tundu kwa gundi: gundi hubanduka, na kile kipande sasa kinapita kwenye kibomba cha hatua ya 2. Tatu, kuminya maji yote baada ya kuoga: hayatoki yote. Nilijaribu yote matatu kwa bata wa pili kabla sijakubali.

Kitu kizima kisicho na tundu nacho kiminye chini ya maji ukiwa nyumbani. Kikitoa mapovu, mshono umeachia. Kitupe.

Hatua ya 6: Kukausha. Osha, kung'uta, tundika. Mimi natumia neti ya vitunguu, msumari juu kabisa ambako mtoto hafiki, maana nyuzi zake hunasa vidole. Silikoni inavumilia kuchemshwa, ichemshe mara moja kwa wiki.

Hatua ya 7: Kitakachomfurahisha. Kumimina. Mtoto wa mwaka mmoja haombi bata, anaomba kujua maji yanakwenda wapi. Vikombe vitatu vya ukubwa tofauti, chujio la chai la plastiki lisilo na waya, na kijiko kikubwa. Akifika miaka miwili ongeza mwanasesere mgumu asiye na tundu, amwogeshe mwenyewe: "Sasa sikio. Sasa kisigino." Nasra alijifunza majina ya viungo vyake hivyo.

Karibuni na maswali.

MASWALI

Mama Ivan: Dada niko kazini sijasoma yote. Kwa kifupi, bata yupi mzuri?

Mama Nasra: Hatua ya 5.

Baba Shani: Ahsante kwa somo. Kitu kimoja hakijaniingia: plastiki ni ileile, kwa nini uchafu uote ndani tu na siyo nje?

Mama Nasra: Swali zuri kaka, na mimi lilinisumbua. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza vitu 19 vya kuogea vilivyokuwa vikitumika majumbani. Kwenye kila sentimita ya mraba ya ndani walikuta seli kati ya milioni 5 na milioni 75, na zaidi ya nusu vilikuwa na kuvu. Ile plastiki laini yenyewe huachia kaboni, ambayo ni chakula cha bakteria. Halafu mwili wa mtoto na sabuni vinaongeza lishe. Nje unasugua na jua linafika. Ndani ni giza na joto, unyevu haukauki, basi wanajijengea utando na kutulia. Ndiyo maana nasifia vikombe: kikombe hakina ndani iliyofichika.

Mama Mapacha: Mimi nachanganya jiki na siki kwenye ndoo moja naloweka vyote, vinatoka safi kabisa.

Mama Nasra: Acha leo, mpendwa wangu. Jiki na siki vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu. Kimoja kimoja, na suuza sana katikati.

Mama Njeri, Nakuru: Kwetu vitoi vya sokoni havina alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), na vingine vinanuka plastiki vibaya. Nifanyeje?

Mama Nasra: Huku Tanzania natafuta alama ya TBS, shirika letu la viwango, na nisipoiona natoka. Chenye harufu kali nakiacha dukani hata kiwe kizuri vipi. Kisha nenda upande wa vyombo vya jikoni: geuza kikombe, ukiona pembetatu yenye namba 5, hiyo ni polipropilini, plastiki ngumu isiyohitaji vilainishi, yaani kemikali za kulainisha plastiki. Futa rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikibadilika rangi, hapana. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa dawa au rangi.

Aisha K: Wangu wa miezi 10 akipewa kikombe anatulia sana. Naweza kukimbia jikoni kugeuza wali?

Mama Nasra: Hapana. Kikombe hakimshiki mtoto. Maji ya sentimita chache yanatosha kumzamisha, na anayezama hapigi kelele. Epua wali kwanza, ndipo umwogeshe.

Aisha K: Nilisema sekunde chache tu, usinikaripie.

Mama Nasra: Sikukaripii dada. Jibu ni lilelile.

Mama Ivan: Nimerudi, nimesoma yote. Wangu analia maji yakigusa kichwa. Kuna kitu cha kununua?

Mama Nasra: Karibu tena. Usinunue. Mpe kikombe akumiminie wewe mkononi, kisha mwanasesere, kisha goti lake. Kichwa kiache kwa siku kadhaa, futa kwa kitambaa. Wangu siku ya sita alijimiminia mwenyewe.

Bi Mwana wa Tanga: Wanangu, zamani tulichezea kata ya kifuu. Jicho moja la kifuu ni laini, ukilitoboa maji yanatoka kama uzi, mtoto anataka kuushika.

Mama Nasra: Shikamoo Bi Mwana. Hilo la jicho sikulijua! Ukingo wake unaulainishaje usimkate?

Bi Mwana wa Tanga: Marahaba mwanangu. Kwangua nyuzi zote, sugua kwa msasa mpaka upitishe ulimi usikwaruze. Usikipake rangi. Kikishaoga kifudikize juani, na kikionyesha ufa kiwe kuni, minazi haijaisha.

Baba Shani: Kesho nafuata vifuu kwa mama wa mihogo. Kwa wa miezi tisa nipasue nusu au robo?

Bi Mwana wa Tanga: Nusu, ile yenye macho. Na msasa uanze na ule mkali, umalizie na laini.