Kupima kiambato kinachozuia dihidrofolati riduktesi, ukiwa Mbeya

Dihidrofolati riduktesi ndicho kimeng'enya ambacho dawa ya pirimethamini hukizuia ndani ya vimelea vya malaria. Tayarisha bafa ya fosfeti milimola 50, pH 7.5, ongeza NADPH (molekuli ambayo kimeng'enya huitumia pamoja na dihidrofolati) maikromola 100, kimeng'enya na kiambato chako. Subiri dakika 5, ndipo uanzishe kwa dihidrofolati maikromola 50 na kusoma jinsi unyonyaji wa mwanga wa nanomita 340 unavyopungua kwa dakika 2.

Usikokotoe kasi kwa kizidishi cha unyonyaji cha 6,220 (kwa mola kwa sentimita) cha NADPH peke yake. Dihidrofolati nayo hunyonya mwanga hapo, kwa hiyo tumia 12,300. La sivyo kasi itatoka karibu maradufu.

Baridi ya Juni na Julai ina vituko vyake. DMSO, kiyeyushi cha kiambato chako, ikiwa safi huganda chini ya nyuzi 18.5, hivyo asubuhi chupa ya mezani unaikuta jiwe. Ukiivuta ikiwa nusu imeyeyuka, ile sehemu ya majimaji huwa na dawa nyingi kuliko ulivyoandika kwenye lebo. Ipashe kwenye maji ya nyuzi 30 hadi iyeyuke yote, uitikise vizuri. Kwenye mchanganyiko isizidi asilimia 1.

Daima weka kipimo chenye DMSO tupu na kingine chenye methotrekseti, kizuizi kinachojulikana cha kimeng'enya hiki. Kisha rudia kwa kimeng'enya cha binadamu: kikizuiwa kwa kiwango kilekile, kiambato hicho achana nacho.