Sahihisha bila kujua karatasi ni ya nani

Walimu wenzangu, jina likiwa juu ya karatasi maksi zinaanza kujipanga kichwani kabla hujasoma hata sentensi moja. Chukua swali la sababu za Vita vya Maji Maji, mtoto kaandika "kodi ya Wajerumani" basi, hajaelezea chochote. Akiwa yule anayenyoosha mkono kila siku unasema huyu anaelewa, unampa zote, akiwa yule msumbufu wa nyuma unamkata nusu. Huyo wa nyuma anaonewa na wala hajui.

Kwenye mitihani ya taifa ya NECTA mtahiniwa haandiki jina, ni namba tu, sasa kwa nini test zetu za shule tusifanye hivyohivyo?

Namba za rejista usizitumie, zile unazijua kwa kichwa. Tafuta mwalimu mwenzio akate vikaratasi vya namba, siku ya test kila mwanafunzi achomoe kimoja, aandike hiyo namba kwenye kila ukurasa, alafu orodha ya majina na namba ikae kwa huyo mwenzio, kwako isifike mpaka umalize kusahihisha.

Andika mwongozo wa majibu kabla hujashika kalamu nyekundu, kila hoja na maksi zake. Alafu sahihisha swali la 1 kwa darasa zima, changanya karatasi, ndo uende la 2, na maksi ziandike kwenye karatasi ya pembeni ili usizione ukifika swali linalofuata, maana aliyeanza vizuri huwa anabebwa mpaka mwisho, hasa kwenye insha.

Shida kubwa ni mwandiko. Darasa likiwa dogo utaujua tu hata ufanyeje, kwa hiyo badilishaneni na mwalimu wa mkondo mwingine, yeye asahihishe zako na we zake, mwongozo uwe mmoja.

Wa vyuoni mnaotumia Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, kwenye mipangilio ya asaimenti kuna sehemu ya kuficha majina, iwashe kabla hawajaanza kutuma, na waambieni wasiandike jina ndani ya faili wala kwenye jina la faili.

Orodha ikifunguliwa ukakuta mwenye 78 ni yule uliyedhani hawezi, usiichomoe karatasi yake peke yake kuikagua upya. Kama una wasiwasi na usahihishaji wako, rudia za wote, majina yakiwa yamefichwa tena.