Ukienda Colosseum, pasipoti mkononi

Kama Roma ipo kwenye mipango yako, hili litakuokolea nusu siku: nunua tiketi ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapambano, mapema kwenye tovuti rasmi, na andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Tiketi hutolewa kwa jina, na mlangoni wanaweza kukuomba kitambulisho. Ina saa yake ya kuingia pia, kwa hiyo wahi, maana kuna foleni ya ukaguzi. Mabegi makubwa na chupa za kioo hawaruhusu.

Wengi hawajui kwamba tiketi hiyo hiyo ya kawaida inakuingiza Roman Forum, yaani magofu ya kitovu cha Roma ya kale, na kilima cha Palatino, hapo jirani. Tafadhali usiviache! Mimi Palatino ndipo napapenda zaidi: kuna miti, kivuli, magofu ya makasri ya makaizari, na ukisimama juu unaiona Forum yote chini yako. Vaa viatu vya kutembelea, mawe ya njia zile hayana huruma.

Kushuka chini ya uwanja, kwenye vijia walikofungiwa wanyama kabla ya mapambano, ni tiketi nyingine, na huisha haraka.

Maji usinunue. Mitaani kuna mabomba yanayoitwa nasoni, maji safi ya kunywa, bure kabisa. Jaza chupa yako. Na wale wanaume waliovaa kama wapiganaji wa kale wakikuita mpige picha, ujue watadai pesa.

Kufika ni rahisi: treni ya chini ya ardhi, laini B, shuka Colosseo.