Kabla hujanunua madini ya mifugo, shika tumbo la mbuzi

Msimu wa korosho ukianza huku Newala, simu ni zilezile: "Mama, mbuzi kapunguza maziwa, nimpe kirutubisho gani?" Mimi huuliza kinyesi kwanza. Kikitoka punje punje, ngumu kiasi, tunaweza kuongea madini. Kikishikana au kikawa uji, hifadhi hela yako.

Kisha mshike tumbo. Simama kushoto kwake, weka ngumi pale panapobonyea nyuma ya mbavu, kandamiza kidogo na utulie dakika nzima. Tumbo lenye afya litakusukuma mkono polepole, mara moja au mbili. Ukikosa hata msukumo mmoja, tatizo liko humo.

Msimu huu mkosaji mkubwa ni mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mbuzi anayapenda kupita kiasi, na mmiliki anafurahi chakula cha bure. Lakini vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani vikipata sukari nyingi ghafla, tumbo linachachuka, kucheua kunakoma, anaharisha, na akizidiwa anakufa. Usimfungulie asubuhi ana njaa akakimbilia mikoroshoni. Ale nyasi kavu kwanza, ashibe, ndipo umpe mabibo machache yasiyochacha, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Yaliyochacha chini ya mti, fagia.

Pumba nazo zina mtindo huohuo. Mimi natoa takriban nusu kilo ya mchanganyiko kwa kila lita anayotoa, nagawa asubuhi na jioni wakati wa kukamua, na majani yanatangulia daima. Kwa kilo 10 nachanganya pumba za mahindi kilo 7, mashudu ya alizeti kilo 2 na robo tatu, madini ya mifugo gramu 150 na chumvi gramu 100. Akianza kula pumba nyingi, natia magadi kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, kupunguza ule uchachu.

Madini msiyaruke kwa sababu mna chumvi. Chumvi yetu ya Lindi na Mtwara ni nzuri, ila haina kalisi (kalsiamu) ya kutosha, na maziwa yanaichota kalisi kila siku. Pumba nazo zimejaa fosforasi, kalisi kidogo mno. Beberu ndiye anayeumia zaidi kwa pumba: anapata mawe kwenye njia ya mkojo, anasimama akijikamua bila kutoa tone. Yeye mpe majani tu.

Majani ya mbaazi ni mazuri mno baada ya kuvuna. Ya muhogo yana sumu ya sianidi yakiwa mabichi. Yakatekate, yaanike yakauke kabisa. Na maji! Hapa juu ndoo ina bei, najua, lakini mbuzi wa maziwa asipokunywa hali, na asipokula tumbo linalala.

Ukimkuta ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, mpandishe miguu ya mbele kwenye kitu kilichoinuka, msugue ubavu, mpe mafuta ya kula kama mililita 100 kwa chupa, kidogo kidogo. Kichwa kisiinuliwe sana, mafuta yataingia mapafuni. Mwenzako ampigie daktari wa mifugo wakati wewe unasugua.