Tambara la deki likichakaa: namna ya kulitumia upya badala ya kulipeleka dampo

Kanga huanza ikiwa vazi la shughulini, hushuka ikawa ya kushindia nyumbani, humbeba mtoto mgongoni, kisha huchanwa ikawa tambara la deki. Inapofika hapo wengi wetu huona kazi yake imekwisha, tukaitupa pamoja na maganda ya ndizi, nayo kwa mkazi wa Dar es Salaam huishia katika dampo la Pugu Kinyamwezi. Pamba iliyofukiwa chini ya taka pasipo hewa huoza ikitoa gesi ya methani, wakati ile ile ingeweza kurutubisha bustani ya mwenyewe.

Kabla ya yote, jua tambara lako limefumwa kwa uzi gani. Chomoa nyuzi chache pindoni, zishike kwa koleo juu ya beseni la maji, kisha uziwashe kwa kibiriti. Pamba hushika moto mara moja, hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini yanayopukutika ukiyagusa, ilhali polista, yaani uzi wa plastiki, hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Kitambaa kikionyesha dalili zote mbili kihesabu kuwa plastiki. Usidanganywe na ulaini, kwa maana vile vitambaa laini vya kufutia vioo na magari kwa kawaida ni polista na nailoni.

Matambara yote yafuliwe kwa sabuni, yasuuzwe vizuri na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa.

La pamba ambalo bado lina nguvu kidogo linafaa kuwa utambi wa kumwagilia. Kata ukanda wenye upana wa vidole viwili, ulowanishe, zamisha ncha moja katika chupa ya maji na kuifukia nyingine katika udongo wa kopo la mchicha, karibu na mizizi. Maji hupanda taratibu kufuata nyuzi, na udongo hubaki na unyevu hata ukisafiri siku mbili tatu. Nalipenda sana tumizi hili, hasa mahali ambapo maji ya bomba hutoka kwa mgao.

Likiisha nguvu kabisa, lipeleke kwenye mboji. Ondoa kwanza vifungo, mpira na mapindo, kwa sababu nguo ya pamba mara nyingi hushonwa kwa uzi wa polista, na uzi huo utaukuta udongoni miaka mingi baadaye. Katakata vipande vidogo kama boksi la kibiriti, vichanganye na maganda ya mboga na majani mabichi, lowanisha, na ugeuze rundo kila wiki ili hewa ipite. Vipande vikiachwa vikubwa hushikamana, vikazuia hewa na kuchelewa kuoza.

Tambara la polista halina nafasi katika mboji, wala halifai kuchomwa, kwani moshi wake ni wa plastiki. Lichane kanda za upana wa vidole vitatu, uzisuke tatu tatu, halafu uuzungushe msuko huo na kuushona ubavu kwa ubavu kama ukili wa mkeka, upate kifuta miguu cha mlangoni. Msuko wenye upana wa sentimita 3 unahitaji urefu wa mita 9 hadi 10 ili kupata duara la sentimita 60. Vipande vinavyobaki vijaze mto.

Tambara lililofuta dawa ya wadudu, mafuta ya taa au rangi lisiingie katika mboji wala katika mto. Lile lililotumika kupaka mbao mafuta ya kitani lisikunjwe wala kurundikwa na mengine likiwa bichi, maana mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Litandaze nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka likauke na kukakamaa.